Mkono wa Aseel

Shangazi Muhsina,

Sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye niliyemwachia Aseel mkono.

Ijumaa tulikutana sote tuliosoma pamoja, kwenye mbio za farasi mjini Qurayyat. Mimi na Aseel tulikimbiza farasi wetu sambamba huku tumeshikana mikono, ile desturi ya hapa. "Wee bubu, leo utapiga kelele!" akanicheka mbele ya wenzetu, kama miaka yote darasani. Nikafungua vidole. Akaanguka, farasi wangu akamkanyaga. Mfupa wa paja ulitokeza nje, damu ikalowesha mchanga.

Hospitalini akaniambia, "Nisamehe, mkono wangu uliteleza."

Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Nakuomba, shangazi, haya yaishie kwako. Hata Baba asijue.

Mwanao,
Thuraya