Mzigo Niliouvusha Ndani ya Buibui

Mdogo wangu Athmani,

Anwani yako sina, na huko ng'ambo ya mpaka posta haifiki. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma na aisome.

Nakukumbuka kule Mokowe, wino mpaka masikioni, ukizungusha ile mashine ya stensili na kunichosha kwa ujamaa wako. Ulikuwa mbishi wewe! Uliandika habari za vibarua wa Kililana waliofukuzwa kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe, ukamtaja kwa jina tajiri aliyewafukuza. Gazeti lako likapigwa marufuku. Ukaendelea kuchapa kwa siri, na mimi nikawa nayavusha magazeti kwa mashua hadi kisiwani Amu, ndani ya buibui langu. Pale gatini askari aliwapekua wanaume mpaka ndani ya kofia. Kwangu aliinamisha macho tu na kusema, "Pita, Bi," maana si ada ya kwetu mwanamke kuguswa na asiye maharimu yake. Tulimcheka sana, mimi na wewe.

Halafu wakaja wale rafiki zako wapya, ukaacha kuandika. Nikakuuliza makala iko wapi.

"Dada, nti hii haigeuki kwa maneno," ukanijibu.

Nilidhani hayo ya kugeuza nchi ni hasira za kufungiwa gazeti, nikakupikia wali wa nazi nikiamini zitapoa. Laiti ningekukalisha kitako siku ile.

Alhamisi moja ukanipa furushi. Ulisema, "Tukua, dada, ni makaratasi," na hukunitazama. Nikapita nalo kwa askari yule yule, nikamkabidhi mmoja wa wale rafiki zako wapya. Asubuhi ya pili yake ofisi ya ardhi ikalipuka. Aliyekuwamo ni Bwana Yohana peke yake, yule karani wa kutoka bara, ambaye siku zote hufika kabla ya wenziwe. Yohana huyo huyo aliyekuwa akikunong'oneza majina ya vibarua waliofukuzwa, ili uyaandike. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Wewe ukakimbia kupitia Kiunga, ukavuka mpaka. Mimi nimebaki na watu wanaokulaani sokoni nikisikia. Kukulaani siwezi, nimekulea. Nina hasira nawe, na nina hamu ya kukuona, vyote kwa pamoja.

Wiki iliyopita mke wa Yohana alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nilijua lolote, nikamwambia mimi sikujua kitu. Akanishukuru, akaenda zake.

Nilimdanganya, Athmani. Magazeti yako nimeyabeba mwaka mzima, uzito wake naujua. Furushi lile halikuwa makaratasi. Nililihisi tangu niko mashuani, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mdogo wangu.

Kesho nitakwenda kwake nimwambie. Akitaka twende polisi, tutakwenda. Na akiniita muuaji, nitaitika.

Allah akuhifadhi huko uliko, na auzuie mkono wako.

Ni mimi,
dada yako