Uchote Mbele Yao

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu,

Huna adabu. Mtu mzima na digrii zako unatuma watu waliojifunika midomo waje kuchota maji ya mtaro mbele ya mlango wangu, halafu mimi habari nazisikia kwa kinyozi?

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au bado unashindia chai kavu? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu.

Mama yako amenieleza kazi yako, maana wewe ukieleza unanichanganya. Kumbe kipindupindu huonekana kwenye maji machafu kabla watu hawajaanza kuugua, na nyinyi mkikiona humo mnajua mvua ikinyesha kitaingia mitaa gani. Nimefurahi, ingawa sikukufulia sare za shule miaka yote ile ili uje kunusa mitaro.

Sasa sikia. Watu wako walikuja, hawakumsalimia mtu. Wakazamisha chupa, wakaziba, wakaondoka. Wiki iliyofuata bwana afya akapita na kipaza sauti, akitangaza kipindupindu kinanyemelea, tuchemshe maji. Mama Redio, jirani yangu asiyefunga mdomo hata akilala, akaunganisha mambo: zimekuja chupa, umefuata ugonjwa, basi chupa ndizo zimeuleta.

"Mjukuu wako anatumwagia ugonjwa ili apate kazi," akaniambia uso kwa uso.

Nikamjibu, "Mwenzangu, angekuwa anamwaga, angeanza na wewe."

Mchotaji wako aliporudi, vijana wa mtaa wakamvunjia chupa, wakamfukuza.

Na wewe nasikia umesema basi, mtaa wetu urukwe. Urukwe? Babu yako alianza kuhara asubuhi, jioni tukamfunika shuka, kabla hatujajua ni nini. Hatukuwa na mtu wa kutuambia mapema. Leo mtu huyo yupo, tena ni damu yangu mwenyewe, naye anasusa kwa ajili ya chupa moja.

Vijana wamekosea, sikatai. Ila ulianza wewe. Nani anapenda uchafu wake uchotwe na mgeni asiyetoa hata salamu?

Shangazi yako anakusalimu sana, na mama yako pia. Msalimie mke mwenzangu, mwambie bado mimi ndiye mkubwa. Mungu akukinge na hayo unayoyapima.

Jumamosi uje mwenyewe, kabla mvua haijaanza. Usifunike mdomo mpaka umalize kusalimia nyumba zote, na kwa Mama Redio ukae, unywe chai, umsikilize hadi achoke. Kisha uchote mbele yao wote, na uanze na bomba linalotoka bafuni kwangu.

Mke wako mkubwa, anayekupenda hata akikufokea,
Bibi