Tumbo Lako, Shangazi, na Picha Yake

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini wewe ndiye uliyenikataza kusema neno lolote na mkubwa kabla ya kumwamkia.

Jana nilikuwa Mikumi nikiwafundisha madaktari wapya kusoma eksirei za tumbo, na kutwa nzima nilikuwa na wewe kichwani.

Unakumbuka ulivyoletwa hospitali ya Kilosa kutoka milimani, umebanwa kwenye pikipiki kati ya dereva na mwanao? Tumbo limejaa kama ngoma, unatapika, na bado unabisha. "Ni gesi tu hii, baba." Uliniita baba kwa kuwa nina jina la baba yako. Nikakuuliza kama unapata choo. Hupati. Je, hewa inatoka? Ukageukia ukutani ukasema, mbele ya wauguzi wote, "Hata kujamba nimeshindwa."

Hapo ndipo nilipoagiza picha.

"Nimechafuka hivi, ndiyo siku ya kupigwa picha?" ukalalamika.

Picha ilipotoka nilianza na ninavyovijua: mifupa ni myeupe, hewa ni nyeusi. Kisha nikatafuta hewa iko wapi. Utumbo mwembamba hukaa katikati, na mikunjo yake huonekana kama mistari inayovuka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Utumbo mpana huzunguka pembeni, na mistari yake huishia njiani. Kwako, kitanzi kimoja cha utumbo mpana kilikuwa kimepanda kutoka kwenye nyonga hadi chini ya mbavu, kimevimba mfano wa punje kubwa ya kahawa yenye mfereji katikati. Utumbo ulikuwa umejisokota. Nikaangalia na picha ya kifua uliyopigwa umeketi, nikitafuta hewa iliyotorokea chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Haikuwepo, wala tumbo lako halikuwa gumu kama ubao. Hakukuwa na dalili ya kutoboka. Muda tulikuwa nao, ila si wa kuchezea.

Ukataka kuiona. "Hiyo nyeusi yote ni mimi?"

"Ni hewa, Shangazi. Imekosa njia."

Daktari wa upasuaji akapitisha mpira kwa njia ya haja kubwa, na hewa ikatoka kwa mlio uliowageuza wagonjwa wa wodi nzima. Ulilia na kucheka kwa pamoja. Baadaye, Morogoro, wakakikata kitanzi kile kisijisokote tena, nawe ukarudi kwenye shamba lako la maharage.

Ila ukarudi mhubiri wa eksirei! Kila aliyeumwa tumbo, kuanzia wanakwaya wenzako hadi watu wa kijiji cha Chanzuru, ulimtuma kwangu apigwe picha. Nikapanda mlimani kukuomba uache, tukagombana barazani kwako.

"Mbona mimi ulinipiga?"

"Kwa sababu nilikuwa na swali. Tumbo limevimba, unatapika, hewa haipiti: je, utumbo umeziba? Hilo picha inalijibu. Vidonda vya tumbo haivionyeshi. Kidole tumbo mara nyingi hakionekani. Na mjamzito, nikiweza namwepusha na mionzi, naanza na ultrasaundi."

"Na picha ikiwa safi?"

"Haina maana kwamba mtu ni mzima. Akizidi kuumwa, naendelea kutafuta."

Jumapili iliyofuata ukabadilisha mahubiri: ukawa unawauliza watu kwanza kama wanajamba, mpaka mchungaji akakuomba upunguze sauti. Uliondoka miaka mingi baadaye, usingizini, tumbo lako likiwa zima.

Sasa hiyo jana. Daktari kijana, Neema, alinionyesha picha ya mzee mmoja mfugaji. "Kuna kivuli kikubwa cha kijivu chini, kimesukuma utumbo juu. Nadhani ni uvimbe. Tumpe rufaa." Alikuwa amesoma vizuri, kivuli kilikuwepo kweli. Nikamwambia twende kitandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kwanza leo kutaka kunigusa tumbo."

Chini ya kiganja changu palikuwa na kitu cha mviringo, kimekaza hadi kitovuni. Nikamuuliza kama mkojo unatoka. Akamtazama Neema, kisha akatazama blanketi.

"Matone tu."

"Mbona hukusema?"

"Binti huyu ni rika la mjukuu wangu. Ningemwambiaje?"

Neema akatupisha. Muuguzi wa kiume akaweka mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, ukabadilishwa, na mzee akafumba macho akimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao. Neema aliporudi aliomba ruhusa, akaweka mkono. Tumbo lilikuwa laini; kivuli kile kilikuwa kibofu kilichojaa mkojo. Alikaa pale akiongea na mzee hadi chai ilipoletwa. Bado tutachunguza kilichomziba njia, ila maumivu yamekwisha.

Kazi naiweza, Shangazi. Nazisoma picha hizi bila woga, na najua lini nisizipige. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu, kwa sababu siku ile pale Kilosa nilikuwa mgeni kazini, nawe ukanipa tumbo lako bila kuniuliza kama naiweza.

Pumzika, Shangazi. Huku nipo mimi.

Mtoto wa kaka yako