Chini ya Zeze

Kilimatinde, 9 Machi 1953

Kwa mjomba wangu mpendwa Alute,

Shikamoo mjomba. Mimi ni mzima, ila upepo wa mlima huu unatupasua midomo. Mkaza mjomba Martha hajambo? Na ng'ombe je?

Hapa chuoni tunafundishwa kuongoza kwaya. Kila asubuhi Mwalimu Petro anabonyeza kinanda nasi tunapanda, do, re, mi, mpaka juu kabisa. Kila siku tunaanza chini. Nikamuuliza kwa nini hatuanzi juu, maana nyimbo zako zote zinaanzia juu na kuteremka taratibu mpaka zinakaa. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, alisema alifundishwa hivyo naye hajawahi kujiuliza.

Mjomba, tangu nisikie kinanda ndipo nimejua wewe ni mtu wa namna gani. Kinanda kina meno kama mamba, wewe una uzi mmoja na kibuyu, na watu wazima wanalia.

Harusi yangu na Simeoni ni Septemba, mtama ukishaingia ghalani. Bibi harusi wa kwetu hatoki ndani mpaka zeze limwite. Lisiponiita lako, sitoki.

Mpwa wako,
Dorika

Ulemo, 2 Aprili 1953

Mpwa wangu Dorika,

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mvua imetusahau kidogo. Barua yako niliipata kwa dereva wa lori aliyetokea Mkiwa, imenuka samaki wakavu lakini imesomeka.

Nakuambia jambo bila kuzunguka. Masikio yangu yameharibika. Sauti nene nazisikia, ng'ombe namsikia, sauti nyembamba zimenihama. Martha akinigombeza nasikia nusu, hilo silalamiki. Lakini wimbo wa kumtoa bibi harusi unaanza na zile nyembamba. Kwenye harusi ya Esta, binti wa jirani, nilivuta upinde nikasikia upepo tu. Nikakosea wimbo, na watu kwa heshima wakatazama miguu yao. Nimelitundika zeze ukutani. Naona uchungu kukuandikia haya. Mwombe Laurenti, mpiga zeze mwenzangu, akupigie, ana mkono mzuri.

Ila mwalimu wako nimempenda. Kama anaanza chini, huyo ni mtu wetu. Hata mimi vidole vyangu huanza chini, karibu na kibuyu. Sasa mbona unasema naanza juu? Hicho kinanda kimekuchanganya.

Mjomba wako,
Alute

Kilimatinde, 30 Aprili 1953

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, moyo la. Nimelia, kisha nilipofika mwisho wa barua nikacheka na machozi yangu. Nilichukua mwiko jikoni nikaushika kama zeze, kibuyu tumboni, shingo juu, ndipo nikaelewa. Kwako chini ni karibu na kibuyu, na huko ndiko sauti inakokuwa nyembamba. Mwalimu yeye sauti hiyo anaiita juu. Chini yake ni ule uzi wako usiobanwa na kidole chochote, wenye sauti nene.

Nilimweleza Mwalimu Petro habari za masikio yako. Akasema, "Pengine ndiyo sababu tunaanza chini. Mtu aanzie mahali anapojisikia, ndipo aende asikokujua."

Mjomba, ule uzi mtupu unausikia? Kama unausikia, anzia hapo, upande kidole kwa kidole. Laurenti namheshimu, lakini sitamwomba.

Mpwa wako,
Dorika

Kilimatinde, 20 Julai 1953

Mjomba,

Shikamoo. Mei imepita, Juni imepita, sina jibu lako. Kama nimekukosea kwa kutaka kukufundisha kazi yako mwenyewe, nisamehe. Niambie tu kwamba u mzima.

Dorika

Ulemo, 16 Agosti 1953

Mpwa wangu Dorika,

Marahaba, marahaba mama. Mimi mzima. Sikukasirika, nilikuwa kazini.

Uzi mtupu nausikia. Kibuyu kinaupitisha tumboni kabla haujafika masikioni. Lakini kuanzia hapo, mwanangu, ni kama kumkamua ng'ombe upande asiouzoea: mkono unagoma, na ng'ombe anakushangaa. Miaka yote vidole vyangu vimekuwa vikitoka kwenye kibuyu kwenda juu, sasa naviambia vigeuke. Nilikuwa natukana peke yangu zizini.

Sasa vinakubali. Kidole cha kwanza nakisikia vizuri, cha pili nakisikia, cha tatu kwa mbali. Cha nne sisikii kitu. Lakini kikitoka kwa wenzake ninaowasikia, kinajua pa kukanyaga. Mwambie mwalimu wako kwamba nampa mkono.

Jana nilimweka Martha mbele yangu, nikamwambia ainue mkono nikipotoka. Nikapiga wimbo wote. Hakuinua. Nilipomtazama alikuwa anajifuta macho kwa kanga, nikamuuliza nimekosea wapi, akatikisa kichwa tu.

Kwa hiyo nitakuja kukuita. Wazee watanung'unika kwamba wimbo umepinduliwa, waache. Wewe ukiwa ndani usingoje ile sauti nyembamba ya mwanzo uliyoizoea, haitatangulia. Ukisikia ile nene, ndiyo mimi, simama utoke. Ile nyembamba itafuata ukiwa mlangoni, nawe utanisikilizia.

Mjomba wako,
Alute