Treni ya Huku Haimngoji Mtu

London, mwezi wa pili

Kwako Mama Mwende,

Pokea salamu za mumeo, wewe na mtoto na mama, na wote wanaopita hapo kwetu Ruiru kuuliza habari zangu. Naandika Kiswahili chetu cha nyumbani, maana Kikuyu changu mimi Mkamba bado unakicheka. Je, kahawa mmemaliza kuchuma? Pasi ya kwenda Thika bado unamwomba chifu kwa hii Hali ya Hatari, au wamelegeza kidogo? Mimi ni mzima, siumwi. Lakini nimechoka, Wambui. Nalala na uchovu, naamka nao.

Barua yako niliisoma nimesimama, kofia ya kazi bado kichwani. Unasema mama haamki tena kitandani, na kila akisikia treni inapiga honi pale stesheni anauliza, "Mutua ameshuka?" Nawe unamjibu, "Bado." Hilo neno "bado" limenikaa kifuani mpaka leo.

Uliniuliza kama kweli nafanya kazi chini ya ardhi au nakutania. Ni kweli. Chini ya mji huu kuna mji mwingine wa reli, njia moja inapita juu ya nyingine, na watu wanashuka huko kwa ngazi zinazotembea zenyewe. Siku ya kwanza niligoma kukanyaga ile ngazi kama mbuzi anayekataa daraja, mpaka mama mmoja Mzungu akanishika mkono. Zamani juu barabarani kulikuwa na tramu, magari ya abiria yanayopita juu ya reli katikati ya barabara. Waling'oa reli zake na zingine wakazimwagia lami, lakini pale lami ilipopasuka bado unaona chuma. Mzee ninayefagia naye aliendesha tramu mpaka zilipoondolewa, na tukipita hapo lazima asimame aangalie. Sasa wanapima tena, eti wachimbe njia mpya chini ya hizi zote. Na treni yenyewe, ikitoka hii, nyingine imeshaingia. Hakuna bendera, hakuna kuulizana hali.

Kazi yangu ni kufagia na kuwaambia watu wasimame mbali na milango. Milango inajifunga kwa nguvu ya upepo, na ikibana kitu chochote, treni haiwezi kuondoka. Hilo ndilo lililoniponza.

Wiki ile ya barua yako, treni imesimama, naona bibi kizee anashuka ngazi. Mfupi, kitambaa kichwani, kikapu kimemvuta bega upande mmoja, anakanyaga kwa ubavu vile mama anavyotembea tangu goti lilipomharibikia. Wambui, nilimwona mama. Unakumbuka nilipokuwa nabeba mizigo hapo stesheni ya Ruiru, kila Jumamosi mama anatokea kule kwenye kahawa amechelewa, na kiondo chake cha nduma za kupeleka Thika, anapunga mkono? Yule Mhindi wa Goa, mkuu wa stesheni, alikuwa anabana bendera kwapani asiipungie treni, ananung'unika, "Huyu mama yako ataniachisha kazi." Lakini alingoja. Hata abiria walitoa vichwa madirishani, "Harakisha, mama!" na mtu akapokea kiondo. Hakuna aliyeona ni kosa.

Basi nikasukuma ufagio katikati ya mlango. Mlango ukagonga, ukafunguka, ukagonga tena. Mimi napiga kelele kwa Kikamba, vile ninavyomwita mama, "Mwaitu! Mwaitu, njoo!" Wazungu ndani wakajificha nyuma ya magazeti. Kumbe huko nyuma treni nyingine imekwama gizani, na nyingine nyuma yake. Bibi akafika. Akanipita, akaenda kukaa kwenye benchi, akatoa sweta yake akaanza kufuma. Alikuwa anangoja treni ya upande mwingine! Ai, nilitamani sakafu inimeze.

Mkubwa wangu aliniita ofisini. Hakugomba, na yeye alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. Akaniuliza kwa nini nimesimamisha njia nzima. Nikamwambia, "Bwana, alikuwa anakuja." Akanitazama sana, akasema, "Kila mtu huwa anakuja." Akasema nikirudia, kazi imekwisha. Yule mzee wa tramu aliposikia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Hata mimi, kwenye tramu, nilikuwa nawangoja." Halafu akachukua ufagio wake, akaendelea kufagia.

Kazi ilipoisha nilikaa kwenye benchi ile ile ya yule bibi, nikalia. Sioni haya kukuambia. Asubuhi yake nikaenda kwa mkubwa nikamwambia naondoka, narudi kwetu. Akasema nafasi yangu haitangoja. Nikamwambia hilo nimeshajifunza.

Meli itaondoka baada ya Pasaka. Mfereji wa Suez umefungwa kwa ajili ya vita, kwa hivyo tutazunguka Afrika yote mpaka Mombasa. Ni mbali, Wambui. Barua hii inakuja kwa ndege, itanitangulia sana. Naogopa. Naogopa nitashuka hapo stesheni nikukute umesimama peke yako, mmeshamzika mama.

Msalimie kaka yako Njoroge kule Gatongora, mwambie aizibe ile nyumba isivuje juu ya mama wakati wa mvua, nitamshukuru nikifika. Dada yangu wa Kamenu aje akusaidie kumgeuza mama kitandani, asikae huko akisubiri kuitwa. Mwende mwambie nimemwekea karatasi yenye njia zote za treni za huku, kila moja na rangi yake. Na wewe, usichoke kabla yangu. Najua nakuomba mengi.

Sehemu hii msomee mama polepole, karibu na sikio. Mwambie treni ya Ruiru ilimngoja miaka yote ile, na hakuna aliyemnung'unikia kutoka moyoni. Leo aliyechelewa ni mimi. Niko njiani na mzigo wangu, nakuja mbio, napunga mkono. Mwambie Mwaitu aningoje.

Ni mimi mumeo,
Mutua