Nasimama Kidogo, Mama Ana Kontena

Jumanne. Guangzhou mvua tangu alfajiri, na joto halijapungua hata chembe. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Na mimi humu ndani nimelowa vilevile.

Leo sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitaendelea kujidanganya.

Mnaonisoma mnamjua Salha, maana nimewachosha naye. Ni binti yangu wa pekee, aliyekuja hapa kwa skolashipu kusomea mambo ya kompyuta, mtoto wa mama aliyeishia darasa la saba. Nimewaambia mara ngapi alivyonitengenezea programu ya oda! Mteja yuko Kariakoo, anafungua simu, anaona jinzi za Xintang na magauni ya Shahe, anachagua saizi na rangi, na mimi huku naiona oda yake hapohapo. Hakuna mfanyabiashara mwenzangu mwenye kitu kama hicho, na hapa sitii chumvi. Hata laoban wa kiwanda cha jinzi, bosi asiyecheka na mtu, aliiangalia akainua kidole gumba.

Ila kuna jambo sikuwaambia. Alhamisi iliyopita Salha amerudi Dar bila shahada.

Alinieleza kwa ufupi: hakukabidhi tasnifu, muda umepita, skolashipu imekwisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimeshindwa tu, mama." Tulikuwa mgahawani, wenzangu wa nyumbani wamejaa meza ya pili. Nikapaza sauti ili wasikie kwamba uzembe haukutoka kwangu: "Miaka minne China umejifunza kula tambi tu!"

Wakacheka. Yeye akaangalia bakuli lake.

Uwanja wa ndege akanikabidhi kompyuta yake. Akasema programu imo humo, na ikisumbua nimtafute Dokta Achieng. Nikamjibu "haya". Mtoto anasafiri, mimi nasema haya.

Jana ikasumbua kweli. Picha za jinzi zikagoma kufunguka, wateja wakaanza kulalamika. Nikamtafuta huyo Dokta Achieng. Ni Mkenya wa rika langu, anasomea uzamivu chuo kilekile. Udokta wenyewe hajaupata bado, ila mimi nimeshamtunuku. Leo asubuhi amekuja chumbani kwangu Xiaobei, kafungua kompyuta, kaandika maneno mawili matatu kwenye dirisha jeusi. Ikatokea mistari ya rangi yenye vidoti, inapanda kioo kama mshono wa jinzi.

"Hii ndiyo historia, Mama Salha. Kila akibadilisha kitu akakihifadhi, anaacha komiti."

"Kamati ya nani? Ya harusi?"

"Komiti! Ni alama: nani, lini, amefanya nini. Tukijua picha ziliharibika siku gani, tunarudi kabla ya hapo. Na hii mistari ni matawi, kila kazi na njia yake."

Hapo nikaona aibu, nikamweleza. Mwaka jana nilimsikia Salha akimwambia mtu kwenye simu, "Nimefungua tawi jipya." Mimi huyo, mpaka Xintang, nikawatangazia wanunuzi wote kwamba binti yangu anafungua matawi. Mmoja akaniuliza yako wapi. Nikamjibu moja lipo hapahapa, jingine linakuja Dubai. Wakanipa hongera, nikazipokea.

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Salha, wewe ungegombea ubunge!"

Halafu akaivaa tena, akarudi kusoma, na kicheko kikakatika.

Maelezo ya kila alama Salha aliyaandika kwa Kiswahili. Nadhani hakutaka wenzake wa darasani wayaelewe. Kwamba mimi ningeyasoma, hilo hakulifikiria.

"Mama anataka kitufe kiwe kijani."

"Mama hataki tena kijani."

"Saizi zote zimebadilika, naanza upya."

"Mteja anataka picha kubwa. Mama kashamuahidi."

"Mama tena."

Dokta akawa anashusha, na mimi nimo tu. Siku ya mtihani wake, nimo. Siku ya Idi, nimo mara tatu. Siku aliyoniambia ana homa nikamwambia anywe tangawizi, nimo mpaka jioni. Na kila mahali kaweka siku na saa, hata koma hazijapotea. Mwanangu hata uchovu wake kauandika kwa mpangilio.

Kisha Dokta akaweka kidole kwenye mstari wa pili. Jina lake "tasnifu". Matawi yote mawili yametoka kwenye kidoti kimoja, yakaachana. La kwangu limepanda mpaka limetoka juu ya kioo. La tasnifu lina vidoti kumi na vinne, basi. Cha mwisho nilikisoma mwenyewe.

"Nasimama kidogo. Mama ana kontena."

Hiyo ni mwezi wa kumi na moja. Sasa tuko wa saba.

Kontena lile nalikumbuka. Nilikuwa soko la Yide Lu, nimeona midoli na madaftari ya watoto nikayapenda, nikataka yaingie kwenye programu kabla kontena halijafungwa. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikasema ni kazi ya siku mbili. Siku mbili zilipokwisha nikawa na jingine. Na baada ya hilo, jingine.

Laoban asipotaka jambo ananiambia mei you, hakuna, na mimi naondoka zangu. Salha hakuwahi kuniambia mei you. Na mimi hiyo nilikuwa naiita adabu, nikijisifia malezi.

Nikamuuliza Dokta hiyo tasnifu ilikuwa inahusu nini.

Akanitazama. "Hujui?"

Sikujua. Sijawahi kumuuliza.

Ilikuwa programu ya kusikiliza mtu akizungumza Kiswahili na kuyaandika maneno yake, kwa ajili ya wasiojua kuandika. Sauti ya kwanza aliyoirekodi ni ya mama yangu mzazi, yuko Mkuranga, hajawahi kushika kalamu. Sasa nimeelewa kwa nini mwaka jana bibi yule alikuwa kila nikimpigia ananiambia ametoka kuzungumza na mjukuu wake. Mimi nilimkataza. Nilimwambia, "Mama, msimsumbue mtoto, ana kazi zangu."

Dokta kasema kazi ile ni safi, na kwamba amesoma tasnifu za wengi hajaona nyingi za namna hiyo. Hilo silipitishi kimya, hata leo.

Nikamuuliza kama imepotea. Akasema ipo yote, haijafutika hata herufi, ila tarehe ndiyo imepita. Mwakani Salha anaweza kuomba kuikabidhi, msimamizi wake akikubali. Basi nikadaka simu. Nikataka namba ya huyo msimamizi, nimwambie mimi mwenyewe, hata kwa Kichina changu cha sokoni.

"Weka simu chini, Mama Salha. Aandike yeye, kama bado anataka. Hili si la kuagiza."

Nikaiweka. Dokta akauliza turudi kwenye picha za jinzi. Nikamwambia aache, azime.

Alipoondoka nilikaa na kompyuta mapajani. Maneno niliyosema mgahawani watu wakacheka, hayo hayarudi nyuma kwa dirisha jeusi. Waliokuwepo siku ile wengi wananisoma humu. Basi someni na hili: Salha hakuwa mzembe. Alikuwa ananifanyia kazi mimi, na mimi ndiye niliyemfanya ashindwe, kisha nikamcheka mbele yenu.

Saa tisa alasiri, Dar saa nne asubuhi, nikampigia.

Amepokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo mama. Imeharibika wapi?"

Nikamwambia marahaba, haijaharibika popote, nimepiga kukusalimia.

Nikasikia mtu anafagia uwanja huko nyuma yake. Kisha akauliza, sauti imeshuka:

"Mama, unaumwa?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema nimesoma tawi lako la tasnifu, Salha, nimesoma mpaka pale uliposimama. Nisamehe mwanangu. Akasema, "Hamna neno, mama," harakaharaka, vilevile anavyosema siku zote nikimwongezea kazi. Nikamwambia kama bado anaitaka, aandike barua yeye mwenyewe, na kompyuta yake nitampa mtu anayesafiri wiki hii. Akavuta pumzi.

"Sasa oda utafanyaje?"

Nikamwambia wateja watanitumia picha na saizi kwenye simu, nitaandika kwenye daftari kama zamani. Akasema sawa. Akasema tena sawa.

Sijui kama ameniamini. Ningekuwa yeye, ningemwamini mama kama mimi?