Karatasi ya Rafu ya Mwisho

Baba yangu mpendwa,

Naandika kando ya kitanda cha Mama, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Jana Mama nusura atutoke, na mkosaji ni mimi.

Unaikumbuka masjala ya polisi kule Nsambya, walikokuweka baada ya mguu kuvunjika? Rafu zilianzia mlangoni hadi ukutani, na kwa gongo lako hukuweza kwenda na kurudi kwa kila aliyeomba faili. Ulichomeka karatasi za maombi kwenye msumari, ukazipanga kwa rafu, ukapita mara moja tu ukiokota. Mimi nikiwa likizo nilikubebea faili. Kila karatasi uliiandika saa kwa penseli nyekundu, nikakuuliza ya nini.

"Akello, hawa wa faili za karibu hawaishi kuja," ulisema. "Ile karatasi ya kule mwisho nayo iko na mwenyewe. Ikikaa sana tunaenda kule kwanza, hata kama mguu iko nauma."

Nilikucheka.

Chuoni nikafundishwa kwamba kompyuta nayo iko hivyo. Kichwa cha kusomea hutambaa juu ya diski kama wewe na gongo lako, na ndani kabisa ya mfumo endeshi kuna foleni inayoamua ombi lipi litangulie. Mwaka huu nilipewa foleni hiyo niitengeneze kwa ajili ya seva ya zahanati moja hapa mjini. Palikuwa na mstari mmoja wa kuweka kikomo: ombi likingoja mno, lihudumiwe kwanza, hata likiwa mbali. Nikaona mstari huo unapunguza kasi. Nikaufuta. Ofisini Bugolobi walinipongeza, nami nikavimba kichwa.

Jana asubuhi nilimpeleka Mama pale zahanatini, homa kali, hajitambui. Muuguzi akaomba rekodi yake. Ni ya zamani, imelala mwisho wa diski, na upande wa pili picha mpya za eksirei zilikuwa zikiingia mfululizo, zote karibu karibu. Kichwa hakikubanduka pale. Dakika kumi na moja, Baba. Nami nimesimama kando ya kitanda namwambia muuguzi asubiri, mashine hii naijua.

"Dada, mama yako iko mbaya," akasema. "Siwezi ngoja tena."

Ile dawa iliyomvimbisha koo nilipokuwa mdogo, jina lake ulilijua wewe. Mimi nilijua tu kwamba ipo. Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi ukurasa ulipofunguka, na jina la dawa likawa lile lile lililoandikwa kwenye kichupa. Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei. Nikakaa sakafuni.

Mchana nilisoma kumbukumbu za seva. Ombi la Mama lilifika mapema. Yaliyokuja nyuma yake yalihudumiwa, yakaja mengine, nayo yakahudumiwa. Bado siamini kwamba ni mkono wangu huu. Mstari nimeurudisha, na pembeni yake nimeandika maneno yako kuhusu mwenyewe wa karatasi.

Mama ana nafuu. Leo anawaambia wagonjwa wenzake kwamba kompyuta ya binti yake ndiyo iliyomwokoa. Alinishika mkono akasema, "Baba yako angekuwepo, angefurahi sana."

Kosa langu bado sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza.

Pumzika, Baba, mguu usikuume tena.

Binti yako niliyekucheka,
Akello